Papa Gracia Alivyouanika Mtumbwi wa Kambo

Nyinyi wa rika langu mliokulia Kalemie, mliojua kuogelea kabla ya kujua kusoma, sogeeni tukumbushane. Wadogo zenu wenye simu mkononi waacheni kwanza. Hao hawataelewa kwa nini mwanamke mzima, mama wa mtoto, mwenye diploma yake ya sekondari, alisimama ufukweni asubuhi akamgombeza mume wake mpaka wavuvi wakaacha kushona nyavu ili wasikie vizuri. Nitafika huko. Nikianza na hasira nitasahau mambo matamu, na mambo matamu ndiyo yaliyonitoa kitandani kuandika haya.

Tulipokuwa wadogo ziwa halikuwa kitu cha kwenda kutazama siku ya Jumapili ukiwa umevaa viatu. Lilikuwa mlangoni. Ulikuwa unarudi toka shule, unatupa madaftari kwenye mkeka, unavua ile sketi ya bluu na blauzi nyeupe ambayo ikichafuka ni fimbo, halafu unakimbia. Mchanga umechomwa na jua, unakimbia kwa ncha za vidole. Harufu ya ndagala walioanikwa inakufuata mpaka majini. Hukuvaa kitu cha kuogelea. Nani alikuwa nacho? Ulifunga bidoni, dumu tupu la mafuta, kiunoni kwa kamba, basi, umeshakuwa meli.

Mimi na binamu yangu Aline tulilelewa na Kambo, mama wa mama yangu. Kambo alikuwa na shamba la mihogo ng'ambo ya mdomo wa mto Lukuga, juu ya mteremko wa mawe, upande wa kwenda Kabimba. Kwa miguu ilikuwa safari ya kukukatisha tamaa. Kwa mtumbwi ulifika jua likiwa bado halijaanza ubaya wake. Mtumbwi wa Kambo ulichongwa kwa gogo moja. Ulikuwa mweusi, mwembamba, unanuka mihogo na mawese, na ndani yake palikuwa na kopo la maziwa ya unga la kumwagia maji. Aline alikaa mbele, mimi katikati na kopo langu, Kambo nyuma na kasia. Kila Jumamosi. Jamani, kila Jumamosi! Watu wa Ulaya wanapanda ndege kuja kutafuta kitu ambacho sisi tulipewa kama kazi ya nyumbani.

Ngoja niwapeleke, maana najua wengi wenu sasa mko Lubumbashi na Kolwezi mnavuta vumbi.

Unatoka kwenye kile kighuba chetu kidogo chenye matete, unaiacha bandari mgongoni. Maji bado yametulia kama mafuta kwenye sufuria. Kitu cha kwanza unachokikuta ni mdomo wa Lukuga, pale ambapo ziwa lenyewe linatoka na kuanza kuwa mto, linakwenda zake magharibi kukutana na Lualaba kule Kabalo, mji wa treni. Ukiwa juu ya maji huoni kitu. Unahisi tu mtumbwi umeshikwa chini na mkono, taratibu, unavutwa upande. Kambo alikuwa anatuambia, "Mukiacha kasia hapa, chakula cha mchana mutakula Kabalo." Tuliamini kabisa. Aline alikuwa anafunga kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye pindo la kitenge chake kila tukikaribia pale, kwa sababu hakujua kama Kabalo wangetukaribisha.

Ukivuka unakutana na Meno. Hilo jina tulilitoa sisi, msilitafute kwenye ramani. Ni mawe yaliyosimama majini mstari mmoja, na mengine yameng'oka, na ndani ya lile pengo ndipo unapopita. Mtumbwi unapita, unainua kasia juu, unaweza kugusa mawe kwa mikono yote miwili. Yana baridi hata siku ya jua kali. Halafu unatokea Saloni, sebule yetu.

Saloni! Nikiandika neno hili peke yake miguu inataka kutoka nyumbani. Mawe yamezunguka maji pande tatu, ya chini chini, mapana, kama viti vya watu wenye uwezo. Upepo wa kusini hauingii. Maji ni maangavu hivi kwamba mara ya kwanza nilifikiri mtumbwi umeacha maji na unaelea hewani, na kivuli chetu kilikuwa kule chini kabisa juu ya mchanga, watu watatu wadogo. Samaki wa mawe walikuwa wanapita ndani ya kivuli chetu, wa bluu, wa manjano, wenye mistari, wadogo kama kidole. Kambo alikuwa anafunga mtumbwi, anavua kitambaa cha kichwa, anachukua ile sahani yake ya bati yenye maua, na anairusha. Sahani ilizama kwa kuyumba, huku na huku, ikimetameta. Sisi nyuma yake! Mchezo ni kuikamata kabla haijagusa mchanga. Nilijifunza kufungua macho chini ya maji kwa sababu ya sahani ya kula.

Baadaye muhogo wa kuchoma na ndagala juu ya jiwe, vidole vimekunjamana. Mbali, siku zenye hewa safi, uliona weupe wa vumbi la kiwanda cha saruji cha Kabimba ukipanda polepole angani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika nyumba ya Kambo mtoto hakushika kasia hovyo. Kwanza ulikuwa mtu wa kopo, unamwaga maji. Ukimaliza hapo, Kambo aliupindua mtumbwi makusudi, maji yakiwa kifuani, na wewe ulipaswa kuugeuza na kuutikisa mpaka maji yaruke nje, mwenyewe, huku yeye anakula karanga. Na ukifika miaka tisa ilikuwa siku yako. Siku hiyo ulikaa nyuma na kasia. Yeye alikaa mbele kabisa, amekupa mgongo, na toka mnatoka mpaka Saloni hakugeuza shingo hata mara moja. "Leo shingo yangu ni ya muti," alisema. Hapo ndipo ulipofanywa mtu.

Siku yangu nililia. Sioni aibu kusema. Lukuga ilinishika katikati, nikapiga kasia upande mbaya, pua ya mtumbwi ikaanza kugeuka, ikaangalia mto. Nikaita, "Kambo!" Mgongo. Nikaita tena. Mgongo na kitambaa cha kichwa. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi imekwisha, "Tukifika Kabalo, umusalimie shefu wa gare."

Mkuu wa stesheni ya treni! Ninawaambia, niliwaka. Mtoto wa miaka tisa ninakufa na huyu mama kizee ananitania! Nilitumbukiza lile kasia kwa hasira mpaka maji yakamrukia shingoni. Na tukavuka. Ni hasira iliyonivusha, na mpaka leo watu wakiniuliza kwa nini ninawaka haraka, ninawajibu kwamba mimi hasira yangu imeshanisaidia.

Kambo alituacha mwaka jana. Wiki ya mwisho hakuwa anaongea sana. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Gracia ana miaka ngapi?" Gracia ni mtoto wangu. Nikamjibu, "Nane, Kambo." Akasema, "Basi, bado mwaka mumoja." Akanipa mtumbwi.

Mwaka huu Gracia ametimiza tisa. Nilimwahidi kwamba vakansi hii ya shule haitaisha kabla hajakaa nyuma. Kopo alishalimaliza. Kupindua alimaliza, akanywa maji, akatapika, akarudia. Ilibaki siku yenyewe. Halafu shangazi yangu akaugua Kabimba, nikaenda siku nne na Gracia. Kabla ya kuondoka nilifanya kile Kambo alichokifanya kila kiangazi: niliuingiza mtumbwi kwenye kighuba, maji ya magotini, nikaujaza mawe mpaka ukazama ukatulia chini. Nyinyi mnajua kwa nini. Gogo likikaa kwenye jua la mwezi wa saba linapasuka. Ndani ya maji linalala salama.

Lakini mume wangu hajui. Papa Gracia ni mtoto wa Manono. Kule walikulia juu ya baiskeli, na baiskeli hailazwi mtoni.

Tuliporudi nilimkuta ufukweni amesimama kama mtu anayengoja kupigwa picha. Nyuma yake mtumbwi wa Kambo, juu ya mchanga, umepanguswa, umekauka, umekuwa wa kijivu.

"Mama Gracia, karibu! Nimekuokolea mutumbwi. Niliukuta umezama!"

"Umezama?"

"Kabisa! Na tena batu wabaya waliujaza mawe. Nimetoa yote, moja moja. Siku ya tatu leo ninauanika. Mugongo wangu, we acha tu."

"Papa Gracia. Yale mawe niliyaweka mimi."

Tabasamu lilimtoka polepole. "Weye njo uliuzamisha?"

"Mimi."

"Sasa muntu atazamisha mutumbwi wake mwenyewe kwa nini?"

Nilikuwa nimeshaona ufa. Ulianzia chini ya kiti cha nyuma ukaja mpaka katikati. Niliingiza kidole. Kiliingia chote.

Yale niliyoyasema hapo sitayaandika, padri wetu anajua kusoma. Wavuvi walikuwa wanafurahi. Mmoja akamuita, "Shemeji! Kule Manono baiskeli munalaza wapi?"

"Ndani ya nyumba," alijibu, maskini, kwa heshima.

"Sasa na siye mutumbwi tunalaza ndani ya nyumba yake!"

Walicheka mpaka wakashikana. Papa Gracia alinigeukia akasema, "Kwetu kitu kikilowa tunakianika. Nilitaka ukute kizuri." Ubaya ni kwamba alisema kweli. Ingekuwa uvivu ningejua la kufanya.

Tulimwita fundi wa mitumbwi, mzee mmoja mkali tunayemwita Papa Fundi. Alizunguka mara mbili, akagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Utakwenda mara moja," alisema. "Labda mbili. Ya tatu usiniombe. Leteni pamba safi na mawese." Ufa huzibwa kwa pamba iliyochovywa kwenye mawese, inapigwa ndani kwa patasi, na juu yake kipande cha bati na misumari. Pamba safi sikuipata popote. Nikaingia nyumbani, nikachukua mto wa Papa Gracia, ule uliokuja naye toka Manono, alioshonewa na mama yake, ambao hata mimi sikuruhusiwa kuulalia. Nikaupasua mbele yake. Alitazama pamba inatoka. Akachukua bakuli, akaanza kunisaidia kuitoa mbegu.

Wakati tunangoja fundi amalize tulikaa mchangani, na pembeni kuna ile hoteli yenye vimitumbwi vya plastiki vya rangi ya machungwa. Tulikuwa tunaona vijana. Mungu wangu, vijana wa leo! Wanakalishwa ndani kama watoto wa chanjo, wanasukumwa, wanapiga kasia kama wanafukuza nzi, hatua ishirini, halafu wanasimama kujipiga picha. Msichana mmoja aliguswa na wimbi dogo akaita mama yake. Meno hawayajui. Saloni wanafikiri ni mahali pa kusuka nywele. Wamezaliwa juu ya ziwa na wanalijua kupitia kioo cha simu. Kwa zile jaketi za kuelea tu ninawapa haki, jaketi ni kitu kizuri, na sisi Mungu alitulinda bure.

Gracia aliangalia muda mrefu akasema, "Mama, ile ya machungwa haivuji."

"Ndiyo, haivuji."

"Basi si twende na ile?"

Mtoto anauliza swali la akili. Nilimwambia, "Nataka ukae pale nilipokaa." Akafikiri. Akasema sawa, lakini jaketi anaitaka. Nikaenda kuiazima hotelini kwa uso ule ule wa ugomvi, wakanipa bila maneno.

Tulitoka Jumamosi, asubuhi, kabla ya upepo. Gracia nyuma na jaketi yake. Mimi mbele. Katikati Papa Gracia, ambaye hajui kuogelea hata kwenye beseni, ameshika kopo, na kiunoni amefunga bidoni mbili tupu za mafuta. Nilimwambia abaki. Alijibu, "Nimeupasua mimi, maji nitayamwaga mimi." Wale wavuvi walisimama wote kutuaga kana kwamba tunakwenda Kigoma.

Nikakaa, nikatazama mbele, nikakaza shingo.

Ndugu zangu, hakuna mtu aliyeniambia kwamba mbele ndiko kugumu! Maisha yangu yote nilifikiri Kambo alikuwa amestarehe pale. Unasikia kasia linaingia vibaya na mikono yako haina kazi. Maji yalianza kuja kidogo kidogo kwenye vidole vya miguu, yana rangi ya mawese. Nyuma yangu kopo: chwa, chwa, chwa, Papa Gracia anamwaga kama mtu anayezima nyumba. Tukaingia kwenye mdomo wa Lukuga, na nikahisi ule mkono wa chini, ule ule, haujazeeka.

Na hapo nikaona kitu. Pua ya mtumbwi iko mbele ya macho yako. Kila kitu mkono wa nyuma unachofanya, pua inakionyesha. Gracia akisita, inatikisika. Akikosea upande, inageuka. Kambo hakuhitaji kugeuza shingo. Alikuwa ananiona muda wote! Miaka ishirini nimemkasirikia mtu aliyekuwa ananiangalia.

Pua ikaanza kugeuka. Taratibu. Matete, halafu ukingo, halafu mto wazi. Maji yako kwenye vifundo vya miguu. "Mama," Gracia akaita. Nilishika kingo mbili za mtumbwi. "Mama!" Papa Gracia akaacha kumwaga. "Mama Gracia, mutoto anaita." Shingo ilikuwa inaniuma kwa kutaka kugeuka. Nilikuwa na sekunde moja ya kuwa mama mwema wa kisasa, ninyang'anye kasia, tuvuke, tuseme amefaulu.

Nikasema, na sijui sauti niliipata wapi, "Tukifika Kabalo, umusalimie shefu wa gare."

Halafu mtoto wangu, niliyemlea kwa adabu, aliyebatizwa, akapiga kelele, "Nyamaza, Mama!"

Na maji ya baridi yakanipiga shingoni.

Oo! Pua ikasimama. Ikatetemeka. Ikaanza kurudi, ukingo, matete, mawe, ikapita hata pale ilipotakiwa, akairudisha, nikasikia anapumua kwa pua kama fahali mdogo, chwa! chwa! na Papa Gracia naye amerudi kwenye kopo, anahesabu kwa Kiluba, na mimi nacheka na kulia hapo mbele na hakuna wa kuniona. Meno tulipita tukigusa upande mmoja tu. Aliinua kasia mwenyewe bila kuambiwa.

Saloni imebadilika, sitawadanganya. Ziwa limepanda miaka hii, mnajua lilichozifanyia nyumba za watu. Vile viti vyetu vipana viko chini sasa, unaviona kwa chini, samaki wa bluu wamekaa pale tulipokuwa tunakula. Mteremko wa mihogo umerudi kuwa pori. Lakini maji ni yale yale. Papa Gracia aliinama akaona kivuli chetu kule mchangani, watu watatu, na yule wa katikati ana bidoni mbili. Halafu akauliza kama inaruhusiwa kuingia, kidogo tu, akishika ubavu. Nilikuwa nimeficha sahani ya Kambo ndani ya kitenge. Nikairusha. Gracia alivua jaketi kabla sijamaliza kusema usivue, na nyayo zake zikawa kitu cha mwisho nilichokiona.

Enzi zetu tulikuwa na mtumbwi mzima, Kambo mzima, Jumamosi zisizohesabika, na hatukujua kwamba ni mali. Gracia amepata mtumbwi wenye ufa, baba mwenye bidoni, na asubuhi moja. Ya pili, fundi akipenda. Nikifikiri hivyo hasira inarudi. Nilingoja nini mwaka mzima?

Tuliporudi kwenye kighuba nilichelewa kushuka. Papa Gracia alikuwa ameshaanza kuokota mawe, yale yale, anayaleta moja moja na kuyalaza ndani ya mtumbwi kama mayai. Maji yakaanza kupanda ubavuni. Akasimama amekumbatia lile kubwa kuliko yote, jasho linamtoka, hajui aliweke wapi.

"Mama Gracia, hili mbele ao nyuma?"

Nilifungua mdomo. Gracia alinitangulia.

"Nyuma, Papa. Pale ninakaa mimi."